Madongo ya Fuko

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Na wewe mwenye simu, izime kwanza, maana humu mna maneno utakayodhani yametoka mfukoni mwako.

Hapo zamani za kale, alikuwapo Fuko, mchimba udongo. Fuko hakuuza vyungu wala mitungi. Aliwauzia udongo wanaofinyanga vyungu na mitungi. Na udongo wake ulikuwa laini, hauna kokoto, ukichomwa haupasuki. Lakini biashara ya namna hiyo ina shida yake: mpita njia hanunui udongo. Anayenunua ni fundi, mafundi ni wachache, na Fuko alikuwa na fundi mmoja tu, ajuza mmoja wa karibu na mto. Siku moja ajuza yule vidole vikamkataa, akafunga virago, akaenda kukaa kwa mwanawe nchi ya mbali.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sasa mchimba udongo, ambaye hata hicho kigae hana, alie wapi?

Fuko akachimba tu, kwa mazoea. Udongo ukarundikana mlangoni, ukawa kilima. Mkewe, Siwema, akautazama kwa hofu.

"Mume wangu, masika hayo yanakuja. Mvua ikishuka, kilima chote hiki kitaturudia humu shimoni, na sisi tumo ndani. Nenda kapige hodi kwa mafundi wengine."

"Mimi? Nikasimame mlangoni kwa watu na macho haya ya kupapasa? Nitasema nini?"

"Utasema una udongo."

"Hivyo tu?"

"Kwani una nini kingine?"

Fuko akaona haya. Akasema kutafuta wateja ni kazi ya wajuzi. Na mjuzi hakosekani penye chakula: akaja Kasuku. Kasuku hakuwahi kushika udongo hata siku moja, ila kuusemea alijua. Akajikuna shingo, akazunguka kile kilima mara moja, akatoa hukumu.

"Bwana Fuko, hapa tatizo si wateja. Tatizo ni jina. Udongo! Neno dogo, limenyong'onyea. Nani anataka kitu kidogo? Kuanzia leo wewe unauza madongo."

"Madongo?"

"Madongo ya Fuko! Sikia linavyojaza mdomo."

Fuko akalitamka, likamjaza mdomo kweli. Masikini, maisha yake yote aliishi chini ya ardhi. Hakujua kwamba huku juu, kumrushia mtu madongo ni kumsema kwa mafumbo, umchome mpaka akose usingizi. Kasuku je, alijua? Kasuku anajua maneno mengi sana. Maana zake ndizo zinazompita.

Wakapatana: kila safari kikapu kimoja cha njugu mawe, na njugu zinatangulia. Fuko alikuwa na vikapu vitatu tu, akiba ya masika yote.

Kasuku akala kikapu cha kwanza, akaruka mpaka kwa Nyigu, fundi wa mitungi. Hakutua chini. Hakupiga hodi. Akakaa juu ya mti akapaza sauti: "Nyigu eee! Madongo ya Fuko hayo! Chukua madongo!" Nyigu akasikia, akafunga mlango kwa kishindo. Kasuku akarudi, akapangusa mdomo.

"Mteja hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Mnacheka nini? Mnadhani simu zenu zilijifunza wapi?

Akala kikapu cha pili, akaruka mpaka kwa Mbayuwayu, fundi wa kuta. "Mbayuwayu eee! Madongo ya Fuko hayo! Chukua madongo!" Mlango ukafungwa. Akarudi: "Mteja hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Akala kikapu cha tatu, akaruka mpaka kwa Bi Mwamvua, mwanadamu, mfinyanzi wa vyungu vikubwa vya harusini. "Mwamvua eee! Madongo ya Fuko hayo! Chukua madongo!" Mlango ukafungwa. Na Kasuku akarudi na mteja wake yule yule, asiyepatikana.

Njugu zikaisha. Mawingu yakaanza kukusanyika. Fuko akakaa chini ya kilima chake akaogopa, akaogopa kweli.

Mara akasikia kelele mlangoni.

"Fuko! Toka nje! Unanirushia madongo mimi?"

Alikuwa Nyigu, mikono kiunoni. Fuko akatoka mbio kwa furaha.

"Ndiyo, madongo ni yangu! Yamekufikia?"

"Yamenifikia!"

"Na umeyaonaje?"

"Nimeyaonaje? Yananichoma mpaka leo!"

"Pole sana. Labda yaliingia kokoto. Hebu shika haya mapya."

Akamtia bonge la udongo mikononi. Nyigu akaendelea kutukana. Alimtukana Fuko, akamtukana babu yake Fuko, akayatukana na macho yake. Lakini mikono ya fundi haijui ugomvi. Ilikanda, ikaviringa, ikavuta, na matusi yalipokwisha, Nyigu alikuwa ameshika kamtungi kenye shingo nyembamba. Akakatazama. Akakageuza.

"Haya ndiyo madongo?"

"Ndiyo hayo."

"Nipimie mizigo minane," akasema Nyigu, bado amenuna.

Kesho yake akaja Mbayuwayu kugombana, akaondoka na udongo. Kesho kutwa akaja Bi Mwamvua, mwiko mkononi. Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, kisha akaenda kuwaita wanawe sita waje kubeba.

Mvua ilipofika, ilikuta uwanja mweupe. Siwema akasimama mlangoni, maji yakipita zake, akalia kwa raha. Tangu hapo Fuko akitaka mteja mpya huenda mwenyewe. Hupiga hodi, na kabla hajasema neno, humtia fundi udongo mkononi.

Habari zikamfikia Kasuku. Akaja anang'aa.

"Si nilikuambia, Bwana Fuko? Jina hilo! Wateja watatu! Sasa tunapanda, kila safari vikapu viwili."

Shimo kimya. Mlango umezibwa kwa bonge la udongo. Kasuku, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akashuka chini akabisha.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi, Bwana Fuko!"

Ndipo sauti ikatoka chini ya ardhi, taratibu, yenye adabu zote:

"Fuko unayemtafuta hapatikani kwa sasa. Tafadhali jaribu tena baadaye."

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Fuko. Anayetaka kuingia na apige hodi mwenyewe.