Hapana Iliyobonyezwa Soni

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu ambayo vumbi lake bado halijatulia, palikuwa na mzee mmoja kule Soni, milima ya Usambara. Aliitwa Mbelwa Shekiondo. Alilima kabichi na mapeasi, na soko zima lilimjua kwa jambo moja: hakuwa na uongo. Mteja akimuuliza, "Mzee, mapeasi haya matamu?" yeye hujibu, "Ya juu matamu. Ya chini sijui, mwanangu alipanga yeye." Ndiyo maana alizeeka bila kutajirika.

Mzee Mbelwa alikuwa na mdogo wake wa kike, Zahabu. Huyu aliolewa na mpima ardhi mgeni, akaondoka naye kwenda nchi ya mbali akiwa msichana wa miaka ishirini. Ikapita miaka arobaini na moja. Mwanzo hapakuwa na nauli. Baadaye palikuwa na watoto. Baadaye watoto wakapata watoto. Mwisho magoti ya Zahabu yakakataa safari. Ndugu wawili wakabaki kuwa sauti mbili kwenye simu.

Siku moja Zahabu akapiga, na sauti yake haikuwa ya siku zote.

"Kaka, nina presha ya macho. La kushoto limeshazimika. La kulia daktari anasema limebakiza miezi minne, likijitahidi sana."

"Basi tutaongea na binti yangu Tunu atuunganishe kwa simu yake ile ya picha."

"Nimejaribu na Tunu. Kwenye kioo cha simu naona ukungu mtupu. Nataka uje, usimame hapa mbele yangu, karibu, nikushike kichwa nikuangalie. Sauti yako ninayo, kaka. Uso wako umenipotea."

Hakungoja jibu. Wiki ileile alituma tiketi, na safari ikawa baada ya siku tisa.

Sasa nchi ile ya mbali ilikuwa na sharti lake. Zamani mgeni alibisha hodi akiwa mlangoni. Siku hizi unabisha hodi ukiwa kwako, kwa kompyuta, na usipojibiwa "karibu" hata ndege hupandi. Hicho ndicho kibali cha mtandaoni. Kwa hiyo Mzee Mbelwa na binti yake Tunu, mwalimu wa shule ya msingi, wakaenda kwa Kihiyo, mwenye duka la steshenari pale stendi, ambaye alijazia watu fomu za kila aina, kuanzia za vitambulisho mpaka za vyuo.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Nimekuja kuomba ruhusa ya kumuona dada yangu."

Kihiyo akafungua ukurasa. Akaanza kusoma maswali, akiyatafsiri.

"Je, unakwenda kupindua serikali?"

Mzee akafikiri. "Ya kwao au ya kwetu?"

"Yoyote, mzee."

"Hapana. Andika hapana."

Kihiyo akabonyeza Hapana.

"Je, umewahi kushiriki mauaji ya halaiki?"

"Mungu apishe mbali! Hapana."

Kihiyo akabonyeza Hapana.

"Je, umewahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote?"

"Ndiyo."

Kidole cha Kihiyo kikasimama hewani. Tunu akageuka kumtazama baba yake kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana.

"Lini, baba?"

"Kabla hujazaliwa. Miaka ile sabuni ilipokuwa adimu kuliko mvua ya kiangazi. Nilikamatwa na miche saba ya sabuni niliyoivusha mpakani bila kulipia ushuru. Nikafungwa siku kumi na nne. Nilifyeka nyasi za mahakama, nikarudi nyumbani."

Kihiyo akachekea puani. "Ah, mzee, hiyo tunaweka Hapana."

"Kwa nini?"

"Kila mtu anaweka Hapana."

"Kwani kila mtu alifungwa?"

Kihiyo akarudi kwenye kioo. Akabonyeza Ndiyo, ili mzee ajionee mwenyewe. Hapo hapo dirisha jipya likafunguka, na Kihiyo akalisoma polepole: mwombaji aliyejibu hivi aambatanishe karatasi za mahakama, na ombi lake litapitiwa kwa muda usiopungua siku sitini.

"Siku sitini!" Tunu akashika kichwa. "Ndege ni baada ya siku tisa. Na shangazi anahesabu miezi minne."

"Basi tiketi isogezwe," mzee akasema.

"Tiketi ile haisogezwi, baba. Iliandikwa hivyo."

"Basi tuwaombe kwa adabu. Watu wazima wataelewa."

Tunu akamtazama baba yake. Kisha akasema kwa upole, "Baba, nenda hapo nje ukanywe chai. Hii kazi ina mambo mengi ya kuchapa. Sisi tutamaliza."

Mzee akatoka. Tunu akaufunga mlango nusu.

"Weka Hapana."

"Mwalimu, mzee kasema Ndiyo."

"Na mimi nasema Hapana. Miche saba ya sabuni imzuie kumuona dada yake?"

"Haya. Ila mimi ni mtu wa kubonyeza tu. Anayesema ni wewe."

Akabonyeza Hapana. Mwisho wa fomu palikuwa na kisanduku kidogo: *Nathibitisha kwamba yote niliyoandika ni ya kweli.* Kihiyo akakitia tiki bila kukitafsiri.

Mzee hakuwa amemaliza kikombe cha pili, kibali kikaingia. Kihiyo akakichapa kwa rangi, akampelekea mkononi.

"Kimetoka?" mzee akauliza kwa mshangao. "Leo leo?"

"Leo leo, mzee."

Mzee Mbelwa akaikunjua karatasi juu ya meza ya chai, machozi yakimlengalenga. "Mmeona nyie? Mlitaka kudanganya bure. Nimewaambia nilifungwa, na bado wamesema karibu. Nchi ile ina watu!"

Tunu akamtazama Kihiyo. Kihiyo akaitazama chai.

Siku nane zilizofuata, mzee aliisifu nchi ile soko zima. Aliwaambia wauza viazi. Aliwaambia wanaomdai na anaowadai. "Wao hawaangalii mtu alianguka lini, wanaangalia kama amesema kweli." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Na kila alipoisimulia, Tunu alipata kazi ya kufanya mahali pengine. Usiku wa kuagana alifungua kinywa amweleze, akamwona baba yake anavyopiga pasi shati mwenyewe, akakifunga.

Mzee akapanda ndege. Akafika salama. Akaingia kwenye foleni ya wageni, na mbele yake, kwenye kibanda cha vioo, alikaa ofisa wa uhamiaji, mwanamke mwenye nywele fupi za mvi. Kwa kuwa hawakuelewana lugha, ofisa akapiga simu kwa mkalimani, mama mmoja wa Kiswahili, sauti yake ikatoka kwenye spika juu ya meza.

"Anauliza unakwenda kwa nani, mzee wangu."

"Kwa mdogo wangu Zahabu. Yuko hapo nje ananingoja."

"Anauliza utakaa siku ngapi."

"Ishirini na moja."

Basi. Hakuulizwa kingine. Ofisa akatabasamu, akafungua pasipoti, akanyanyua muhuri. Na Mzee Mbelwa, aliyelelewa kwamba mtu akikukaribisha unamshukuru kabla ya kukaa, akaisogelea ile spika.

"Mwanangu, mwambie nawashukuru sana. Wamenipokea ingawa niliwahi kufungwa."

Mkalimani akashusha sauti. "Mzee wangu... hilo nilitafsiri?"

"Litafsiri. Ni shukrani."

Mkalimani akatafsiri. Muhuri ukabaki hewani. Kisha ukarudishwa mezani taratibu, kama kikombe cha chai ya moto. Ofisa akageukia kompyuta, akasoma, akasoma tena, akageuza kioo kuelekea kwa mzee na kuweka kidole kwenye neno moja.

"Anasema hapa umeandika Hapana."

"Mimi nilisema Ndiyo."

"Anasema fomu haisikii, inaandikwa. Anauliza ulifungwa kwa kosa gani."

"Miche saba ya sabuni."

Ofisa alipotafsiriwa hilo, alifumba macho. Akasema maneno marefu, na sauti yake haikuwa ya ukali.

"Anasema kwao kosa la sabuni la miaka arobaini si kitu. Ungeandika Ndiyo, angekugongea muhuri bila swali. Anasema hakurudishi kwa sababu ya sabuni. Anakurudisha kwa sababu ya Hapana."

"Mwambie dada yangu yuko nyuma ya mlango ule. Macho yake yanakwisha. Aje tu asimame hapo anione, nami nitarudi mwenyewe."

Mkalimani akatafsiri. Ofisa akajibu kwamba mlango ule ni wa kutokea tu, na kwamba naye ana wakubwa.

Wakamkalisha kwenye benchi kungoja ndege ya kurudi. Kila walipopita wageni wengine, mlango ulifunguka, naye akachungulia. Mara moja aliona khanga ya kijani katikati ya makoti meusi, na mwanamke mfupi ameinua shingo. Akasimama. Mlango ukajifunga. Ulipofunguka tena palikuwa na mtu mwingine.

Aliporudi Soni, Mzee Mbelwa hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja dukani kwa Kihiyo na mfuko wake begani, akatuma mtu amwite Tunu shuleni. Watu wakajaa mlangoni.

"Nani aliandika Hapana?"

Kihiyo akasema: "Mimi nilibonyeza, mzee wangu, sikatai. Lakini mimi hubonyeza ninachoambiwa. Watu wangapi nimewajazia hivyohivyo, wakaenda, wakarudi na zawadi? Kama kidole kina kosa, basi kalamu zote zifungwe."

Tunu akasema: "Mimi niliamuru, baba. Lakini kwa uongo wangu ulifika mpaka mlangoni, hatua thelathini kutoka kwa shangazi. Ukweli wako ungekuacha hapa Soni unangoja siku sitini. Nilikufikisha. Aliyekurudisha ni mdomo wako, tena hukuulizwa!"

Mzee akasema: "Mimi nilishukuru. Tangu lini shukrani ikawa kosa? Ungeniambia tu, Tunu, ningechagua mwenyewe: ninyamaze au nisiende. Mlinipa uongo niubebe bila kujua kwamba ninao. Na mtu asiyejua amebeba nini, ataufichaje?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Hiyo ndiyo ilikuwa haki yangu."

Watu mlangoni wakagawanyika papo hapo. Mwingine akamlaumu mkalimani: alinusa hatari, akauliza kama atafsiri, kwa nini hakumeza maneno mawili? Mwingine akamlaumu ofisa: akiri kwamba kosa si kosa, kisha amrudishe mzee wa watu? Na muuza viazi akasema wote wamekosea, wa kwanza ni ile fomu, inayompa mkweli siku sitini na mwongo vikombe viwili vya chai.

Wakajaza upya. Safari hii mzee alikaa papo hapo na kidole chake mwenyewe kikabonyeza Ndiyo. Karatasi za mahakama hazikupatikana, akaandikiwa barua ya kwamba hazipatikani. Siku sitini zikapita. Wakaandikiwa kwamba, kwa sababu ombi la kwanza lilikuwa na uongo, la pili litapitiwa mara mbili. Mzee akaendelea kupanda kabichi. Tunu akaendelea kufungua barua pepe kila kipindi cha mapumziko. Mwezi wa nne shangazi akapiga simu na kusema neno moja, "Limezimika," kisha akaanza kuulizia mapeasi.

Mwezi wa tano kibali kikatoka. Pamoja na ile Ndiyo yake.

Zahabu akatuma tiketi nyingine, Mzee Mbelwa akaenda. Ofisa mwingine, kijana, akagonga muhuri bila kuinua kichwa. Mlango ukafunguka, na safari hii Zahabu alikuwa kwenye kiti, ameshikwa bega na mjukuu. Mzee akapiga magoti mbele yake. Mikono ya Zahabu ikapanda usoni kwake, ikapita paji la uso, ikapita mashavu, ikakaa kwenye masikio.

"Masikio ni yaleyale," akasema. "Haya mengine sikuyaacha hivi."

Wakalia, wakacheka, wakalia tena. Walipofika nyumbani, Zahabu akasimuliwa yote, kuanzia duka la Kihiyo mpaka muhuri uliobaki hewani. Alisikiliza bila kukatiza, uso wake umeelekea dirishani, ambako hapakuwa na tofauti tena kati ya mchana na usiku.

Kisha akasema, "Kaka, mimi sina nguvu za kulaumu watu. Nimekaa hapa gizani nikiwaza nimsamehe nani, na siwezi kuanza kusamehe kabla sijamjua mwenye kosa. Aliyedanganya kwa kunipenda? Aliyebonyeza na kunyamaza? Aliyetafsiri kila neno? Aliyeshika sheria akijua haina maana? Au wewe, uliyesema kweli wakati hakuna aliyekuuliza? Niambie, nianze na nani?"

Mzee Mbelwa, ambaye hakuwahi kukosa jibu la kweli, safari hii akamwekea tu kikombe cha chai mkononi.

Soni wanabishana mpaka leo, na Tunu akipita husubiri wanyamaze. Mimi niliyewasimulia sikuwepo, nami sina upande. Basi ninyi mliokaa hapa mkasikiliza mpaka mwisho, mjibuni yule mama: je, ni nani aliyemnyima Zahabu uso wa kaka yake?