Babu wa Saba wa Mashavu

Sogeeni, wenzangu. Mashahidi wote wanakubaliana hivi: ukame ulikuwa mkali, kisima cha ukoo kililindwa na zimwi, na aliruhusiwa kuteka maji yule tu aliyewataja mababu zake saba.

Mashavu, mama mmoja wa ukoo huo, aliwajua sita. Kumtafuta wa saba alitembea miji mitatu kwa shangazi zake watatu, akapewa majina matatu tofauti. Alirudi nyayo zimepasuka, akawakuta wanawe wanalia kiu. Akachukua mtungi, akaenda kisimani, akawataja wale sita.

"Wa saba?" zimwi likauliza.

Akautua mtungi.

"Wa saba, bibi wewe?"

Akaketi chini.

"Wa saba, au nikumeze?"

"Meza. Nimechoka. Nina majina matatu, sina ushahidi wa hata moja. Sitamsingizia marehemu."

Zimwi likasogea kando taratibu. "Teka, mjukuu wangu. Wa saba ni mimi. Miaka yote wananibandika majina ya watu."

"Basi jina lako nani?"

"Hata mimi nimelisahau."

Hapo ushahidi unagawanyika. Wengine husema lilikuwa babu yake kweli. Wengine, lilichoka kulinda tu. Mashavu alijaza mtungi, akaenda zake. Lakini mtungi wa maji hauthibitishi nasaba. Mmesikia yote; amueni wenyewe.