Bango la Mkate Moto

Wahenga hawakusema kupotea ni aibu. Walisema kupotea njia ndiko kujua njia, na anayebisha amwulize Mama Kelele.

Mwanamke huyu alikanda unga katika kiwanda cha mikate tangu usichana wake hadi kilipofungwa. Juu ya lango la kiwanda palikuwa na bango la neoni: mirija ya kioo iliyopindwa ikaandika MKATE MOTO, nyekundu kama makaa. Kisha wakubwa wa manispaa, kwa kisingizio cha usafi, wakayang'oa mabango ya namna hiyo mji mzima kama magugu, wakatundika ya plastiki. Wao walisahau, Mama Kelele hakusahau. Aliliokota lake jalalani, akalificha nyuma ya kabati, akawapigia wakubwa kelele miaka nenda miaka rudi mpaka wakasalimu amri. Ukumbi wa soko la zamani ungeonyesha mabango yaliyosalia. Sharti lilikuwa moja: bango liwake na lisomeke, la sivyo liende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mama Kelele akalisafisha kwa mikono yake. Kati ya herufi na herufi mirija ilikuwa na mabaka meusi. "Masizi ya tanuri haya," akasema, akayasugua hadi kioo kikameta kama jicho la mtoto.

Siku ya majaribio, wenzake wa kiwandani walijaa ukumbini. Shemeji yake, fundi umeme, akawasha. Mwanga uliwaka mzuri ajabu, lakini herufi zilikuwa zimeng'ang'aniana, hakuna aliyeweza kusoma kitu.

"Shemeji," fundi akauliza, "hili ni bango au utumbo wa mbuzi?"

Watu wakavunjika mbavu. Afisa wa manispaa hakucheka. "Mama, kesho tunafungua. Hili liondoke."

"Liende wapi? Mlishalitupa mara moja, baba. Mara ya pili mtanitupa nalo!"

Kwa ulimi alikuwa simba. Moyoni alikuwa amenywea kama puto lililotobolewa. Akainua macho alitazame kwa mara ya mwisho, na hapo akashtuka.

"Shemeji, usizime! Ile O ya mwisho mbona imesimama peke yake?"

Fundi akapanda ngazi. "Hapa pana chuma, mkono wako haukupenya. Lile baka jeusi bado lipo."

Mama Kelele akajipiga paji la uso. "Kumbe ni rangi! Mrija ni mmoja, unatoka herufi hii kwenda ile. Waliolitengeneza walipaka njia yake rangi nyeusi ili tusiione. Nami nimeyavua maneno nguo hadharani!"

Fundi akazima umeme. Mirija ilipopoa, Mama Kelele akashika brashi ya rangi nyeusi, wenzake wakashika ngazi, wakapaka kiungo baada ya kiungo.

Kesho yake bango lilipowaka, wakandaji unga wa zamani walisoma kwa sauti moja, "MKATE MOTO!" na baadhi yao wakafuta machozi bila kujificha.

Afisa akamsogelea akikuna kichwa. "Mama, mabango mengine tuliyoyaweka stoo nayo yamesuguliwa na vijana wetu. Hayasomeki. Utusaidie."

"Nitayapaka yote. Lakini ukutani mwandike ni nani aliyeyang'oa."

"Mama, hilo nalo..."

"Herufi kubwa, mwanangu. Zisomeke."

Afisa akakubali. Mama Kelele akapanda ngazi ya bango la pili, na safari hii hakuuliza mtu herufi inakoishia. Kweli, kupotea njia ndiko kujua njia.