Pimbi na Gari Liitwalo Sijachoka

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Anayechambua kunde achambue bila kelele, na wewe Chausiku ziachie nywele za mwenzio, msusi hafanyi kazi ngano ikianza. Karibu zaidi. Kimya.

Nikiita, mtaitika?

— Tutaitika, bibi!

Masikio?

— Yako wazi!

Midomo?

— Imefungwa!

Mbona basi inasema?

— Sasa imefungwa!

Niilete, nisiilete?

— Ilete, bibi, tuigawane!

Haya. Alikuwapo Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, mnene kama kibuyu, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Huyu alikuwa binti, kijana, tena dereva. Mama yake alipokufa alimwachia vitu viwili: shamba la matikiti juu ya Mlima Kokoto, na gari kuukuu lenye bodi ya kubebea mizigo, limeandikwa nyuma kwa rangi nyekundu: SIJACHOKA.

Kazi ya Sijachoka ilikuwa moja. Kiangazi kikija, kidimbwi cha mwambani hukauka, na kule juu hakuna maji mengine. Pimbi hushuka mtoni na mapipa manne, hujaza, hupanda. Hushuka, hujaza, hupanda. Wazee wanakunywa, watoto wanakunywa, na matikiti nayo yanapata tone lake.

Mwaka huo kiangazi kikaja na ukali wake. Pimbi akashuka mtoni, akajaza mapipa. Akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Kwi... kwi... kwi... zii.

Akazungusha tena.

Kwi... zii.

Akamwita mjomba Kobe, fundi wa magari, mwenye gereji yake pale pale ukingoni. Kobe akaingia chini ya gari. Na Kobe akiingia chini ya gari, wewe tafuta kivuli ukae. Alipotoka, jua lilikuwa limehama upande.

"Mjomba, limekufa?"

"Halijafa," alisema Kobe. "Injini nzima. Mifupa yake mizima. Linataka vitu vitatu tu. Betri imekwisha. Tairi zote vipara. Na rejeta inavuja kama pua ya mtoto mwenye mafua. Nipe hivyo vitatu, litapanda mpaka wewe uzeeke."

"Nitavipata wapi?"

Kobe akatazama kule kwenye kona ya mto, akarudisha kichwa ndani. Hakutaka hata kumtaja mtu. Kwa maana mwenye yadi ya magari, mwenye kila chuma pale mtoni, alikuwa Kiboko.

Kiboko! Shingo hana, mdomo anao. Marehemu shangazi yangu Mwanakombo akifika hapa alikuwa anaishusha sauti mpaka tumboni, nasi tunahisi mkeka unatetemeka: "BINTIII! Hilo libebee taka, si maji! Njoo huku uone gari!"

Akafunua turubai. Lo! Gari jipya, jeupe, linang'aa mpaka Pimbi akajiona meno ubavuni mwake. Pimbi akaingia. Kiti kikammeza polepole, fuuu. Akabonyeza hapa, redio ikaimba. Akabonyeza pale, upepo wa baridi ukampuliza masharubu. Siwafichi, wajukuu zangu, alilipenda. Alishika usukani, akafumba macho, akajiona anapita mbele ya wenzake kioo kimeshushwa, mkono nje. Nani asingelipenda?

Kiboko akaegemea mlango, gari likainama.

"Hili," alisema, "linawaka kwa kulitazama tu."

"Ehee."

"Hili hata ulivishe tairi vipara, linapanda ukuta."

"Ehee."

"Hili halichemshi. Lipeleke motoni, litatoka linasikia baridi."

"Na mapipa yangu nitayaweka wapi, baba?"

"Yaweke kwenye viti. Viti vya ngozi hivyo!"

"Ngozi ya nani?"

Kiboko akakohoa. "Tuzungumze mambo ya maana. Nipe lile shamba la matikiti, na lile bovu lako uliache hapa yadini. Ondoka na jipya."

"Bovu walitakia nini, mzee?"

"Nakusaidia kulizika."

Pimbi akafumbua macho yote mawili. Akaelewa. Siku Sijachoka likilala yadini, hakuna gari jingine la kupandisha mapipa, na mlima mzima utashuka kumpigia Kiboko magoti kwa kikombe cha maji.

"Basi niuzie betri, tairi na rejeta," alisema. "Nikupe nusu ya matikiti."

"Vipuri siuzi. Nikikuuzia vipuri, gari utanunua lini?"

"Mzee, kule juu yamebaki maji ya leo tu. Wako watoto."

"Ndiyo maana nakuambia ufanye haraka."

Pimbi akatoka kwenye kile kiti laini. Akalizunguka gari jipya, hakuona mahali pa kukaa hata pipa moja. Akalitazama Sijachoka kule ukingoni, limekaa kimya na mapipa yake manne mgongoni, yamejaa tele. Akasema: nitapanda na lile. Sijui kwa vipi, ila kesho nitapanda na lile.

Asubuhi akarudi yadini, lakini hakuja peke yake. Alimleta Korongo awe shahidi, kwa kuwa Korongo hasahau neno. Alimleta Ngiri na nduguze, kwa kuwa Ngiri hajui kunyamaza. Na mjomba Kobe alikuja na mkoba wa spana. Huyo alianza safari usiku, akafika wakati mmoja na wenzake.

"Mzee," alisema Pimbi, "mimi gari lako nimelipenda. Ila watu wangu mlimani wabishi. Wanasema Sijachoka ndilo gari, la kwako ni pambo."

"Pambo!"

"Wanasema hivyo. Sasa tushindane mbele ya macho yao. Wewe na lako, mimi na langu. Ukinitangulia juu, shamba chukua, Sijachoka chukua, na mimi mwenyewe nitakuoshea magari mpaka nife. Nikikutangulia, sitaki cha zaidi. Niache niondoke na gari langu lilivyo."

Kiboko akacheka mpaka samaki wakahama. "Lilivyo! Ondoka nalo lilivyo! Shahidi umesikia?"

"Nimesikia," alisema Korongo. "Lilivyo."

Ngiri na nduguze wakalisukuma Sijachoka mpaka ubavuni mwa gari jeupe, wakajipanga. Pimbi akazungusha ufunguo.

Kwi... kwi... zii.

Akateremka, akaja kwa Kiboko ameinamisha kichwa. "Mzee, naona aibu."

"Lazima uone!"

"Naona aibu kwa ajili yako. Mtu mzima kama wewe, unashindana na maiti. Kesho watasema, Kiboko kashinda. Kamshinda nani? Kamshinda maiti!"

Ngiri huyo, akadakia: "Tena maiti mwenyewe kalala!" Nduguze wakaangua kicheko.

Kiboko akavimba. "Mtieni betri! Sitaki maneno!"

"Betri za yadini zote mbovu, mzee," alisema Kobe. "Nzima ni moja, ile ya gari lako."

Kiboko akasita. Pimbi akamwambia taratibu, "Si linawaka kwa kulitazama tu?"

"Linawaka! Mimi ndiye niliyekwambia. Fungua! Peleka!"

Kri, kri, kri, spana ya Kobe. Betri nzima ikaenda kwa Sijachoka, mbovu ikaja kwa jipya. Pimbi akazungusha ufunguo: kwi-kwi-bruuum! Sijachoka likaamka, likatikisika, likapiga chafya ya moshi.

Pimbi akateremka tena. "Mzee, naona aibu kwa ajili yako. Tazama tairi zangu. Unashindana na kiwete. Kesho watasema, Kiboko kashinda. Kamshinda nani? Kamshinda kiwete!"

Ngiri: "Tena kiwete wa miguu minne!"

"Tairi!" alinguruma Kiboko. "Mpeni tairi!"

"Nzima ni za gari lako tu, mzee."

"Si hata vipara linapanda ukuta?" alisema Pimbi.

"Linapanda! Fungua! Peleka!"

Kri, kri, kri. Kri, kri, kri. Tairi nne zikaenda, vipara vinne vikaja. Sijachoka likasimama wima kama bibi harusi.

Pimbi akateremka mara ya tatu. Chini ya gari lake palikuwa na kidimbwi. Tii, tii, tii, rejeta inadondosha.

"Mzee, naona aibu kwa ajili yako. Unashindana na mwenye kiu. Kesho watasema, Kiboko kashinda. Kamshinda nani? Kamshinda mwenye kiu!"

Hapo Kiboko akarudi nyuma hatua moja. Akatazama gari lake, akatazama la Pimbi. Hata Ngiri hakusema neno. Pimbi moyo ulimdunda, du, du, du, maana bila rejeta hafiki hata kona ya kwanza. Na asipofika, shamba limekwenda, gari limekwenda, na kule juu watoto wanalamba mawe.

"Nikikupa rejeta," Kiboko alisema, "langu litapozwa na nini?"

Pimbi akakunja mikono. "Kumbe linachemsha?"

"Nani kasema linachemsha?"

"Mzee kasema lataka kupozwa. Korongo umesikia? Haya, jamani, tutawanyike. Nitawaeleza wa mlimani, gari la mzee linachemsha kama mengine, mzee kaogopa."

"Kaogopa!" Ngiri na nduguze wakarukaruka. "Kaogopa! Kaogopa!"

"HALICHEMSHIII!" Mto ukapiga mawimbi. "Lipeleke motoni litatoka linasikia baridi! Fungua! Peleka!"

Kri, kri, kri. Mwanangu Kobe! Siku hiyo mikono yake ilikimbia kuliko miguu yake ya maisha yote.

Korongo akainua bawa. "Moja! Mbili! Nendeni!"

Pimbi akatia gia. Bruuum! Sijachoka na mapipa yake manne likashika njia.

Kiboko akajisukumiza kwenye kiti cha ngozi, gari likakaa chini kama kuku anayetaga. Akalitazama. Halikuwaka. Akalitazama kwa ukali zaidi. Akazungusha ufunguo: kwi... zii.

"Sukumeni!"

Ngiri na nduguze wakapiga magoti kwenye kokoto, wakasukuma. "Haya-huu! Haya-huu!" Likakohoa, likawaka, likaondoka. Kona ya kwanza, tairi zile vipara zikaanza kukwangua kokoto bila kushika: shwaa, shwaa, shwaa. Kiboko akakanyaga mafuta. Shwaa, shwaa! Akakanyaga zaidi. Ndipo rejeta iliyotoboka ikapuliza: pssss! Moshi mweupe ukafunika kioo, redio ikakata wimbo katikati.

"Linasikia baridi, mzee?" aliuliza Ngiri.

Likasimama. Likafikiri kidogo. Likaanza kurudi nyuma. Korokoro. Korokoro-korokoro. Korokorokorokoro... CHUBWIII!

Mtoni. Na kiti, na redio, na mwenyewe.

Kikatoka kichwa. "Rudisha betri yangu! Rudisha tairi zangu! Rudisha rejeta yangu!"

Korongo akasogea ukingoni kwa hatua zake ndefu. "Lilivyo, mzee. Ulisema aondoke nalo lilivyo."

Pimbi hakusikia hayo. Alikuwa kona ya nne, gia ya kwanza, meno ameuma, anaongea na gari: "Panda, mama. Panda, mama. Usinitazame mimi, tazama njia. Panda, mama." Kona ya tano likaguna. Kona ya sita likanyamaza, na yeye akanyamaza nalo, likavuta tena. Alipofika juu, watu hawakupiga vigelegele. Vinywa vilikuwa vikavu. Bibi kizee mmoja akafungua pipa, akachota kwa kiganja, akampa kwanza mtoto aliyekuwa amelegea mgongoni kwa mama yake. Mtoto akanywa. Akalia. Ndipo wote wakajua amepona, wakapiga vigelegele.

Haya, ngano yangu imefika, nazima injini. Aliye na ya kwake aiwashe.

— Fundisho, bibi!

Fundisho lake ni hili. Ukiwa na gari kuukuu, usihangaike nalo. Liache, chukua jipya. Na muuzaji akikusifia mali yake, mwamini neno kwa neno, usiongeze wala usipunguze. Pimbi alimwamini, mmeona mambo yalivyomnyookea.

— Lakini bibi, si Pimbi ali...

Kimya. Nani anayesimulia hapa?

Sasa niwape urithi wao, kila mtu na chake. Watoto wa Kiboko walirithi kukaa majini mpaka puani, wakingoja mashahidi waondoke ukingoni. Watoto wa Ngiri walirithi sugu za magoti, na mpaka leo wanakula wamepiga magoti. Kambare walirithi lile gari jeupe, wanalelea watoto ndani yake. Watoto wa Kobe walirithi spana, ila ile mbio ya mikono hawakuirithi. Na Sijachoka, Pimbi alipozeeka, alilirithi binti yake wa mwisho, dereva, kijana. Akalizunguka mara moja, akalipiga teke kwenye tairi, akasema:

"Mama, hili kuukuu. Kwani jipya hukuliona?"