Chachu Iliyogawiwa Haifi

"Chachu iliyogawiwa haifi." Mmeusikia leo maabara mkacheka, mkadhani ni maneno ya wapika maandazi. Haya, vuteni viti, mabinti. Mimi nimeosha chupa za maabara ile miaka thelathini na moja, na aliyeuleta msemo huu pale namjua kwa jina. Chanzo chake ni hiki.

Alikuja binti mmoja kutoka Tukuyu, jina lake Tunsume, kusomea shahada ya uzamivu. Utafiti wake ulihusu chachu ya mtindi wa asili, ile inayogandisha maziwa kibuyuni. Idara ilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja wa ngazi hiyo, mwanamke yeye peke yake. Kila Ijumaa wenzake walitoka na profesa kwenda kula nyama choma, na huko ndiko walikopeana mbinu, vitabu na majina ya watu wa kuwaona. Yeye hakuna aliyemwambia twende. Siku moja aliuliza swali kikaoni, mmoja akamjibu, "Dada, hilo si tulilimaliza sekondari?" Wakaangua kicheko. Tangu hapo Tunsume akafunga mdomo. Afadhali nisijue, alijiambia, kuliko wajue kwamba sijui.

Hata chachu yake aliifungia. Desturi ya maabara ni kumgawia mwenzako chupa moja akutunzie, maana jokofu likizimika halina huruma. Dakta Zuwena wa idara ya mifugo, mwanamke mtu mzima, alimfuata mwenyewe: "Mwanangu, niletee chupa moja nikuwekee." Tunsume akashukuru, wala hakupeleka. Aliogopa kuibiwa, na zaidi aliogopa kuulizwa kazi imefikia wapi.

Sikukuu ya Pasaka umeme ukakatika siku nne. Jumanne nilimkuta amekaa sakafuni mbele ya jokofu, chupa zote zimeota ukungu. Miaka mitatu ya kazi, jamani! Muda wake chuoni ulibaki miezi minane, na bila ile chachu hakuna shahada. Nilimwonea uchungu.

Akafunga safari hadi Nzega, kwa Bi Nyamizi, mfugaji aliyempa chachu ile mara ya kwanza. Akamwamkia, akaeleza shida yake.

"Yangu nayo ilikufa mwaka juzi, ng'ombe walipokauka maziwa," bibi akasema.

Tunsume akalia pale pale uani.

"Sasa unalia nini? Nimesema imekufa kwangu. Majirani niliwagawia."

Wakazunguka nyumba tatu. Katika mbili hawakuwa nayo. Ya tatu, mama mwenye nyumba aliteremsha kibuyu akamimina bila swali, kwa kuwa kwao chachu hanyimwi mtu. Njiani wakirudi, bibi akauliza, "Na wewe huko kwenu ulimgawia nani?"

"Sikumgawia mtu, bibi."

"Hata mwanamke mwenzio mmoja?"

"Niliona haya."

Bi Nyamizi akasimama. "Haya ya nini? Mimi ningeona haya, leo ungerudi mikono mitupu. Chachu iliyogawiwa haifi, mwanangu. Inayokufa ni ya kufungia."

Aliporudi chuoni hakupitia hata chumbani kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Dakta Zuwena, akamkabidhi chupa, akamweleza yote, na yale asiyoyajua akayataja moja moja.

"Mimi nilijificha hivyo miaka miwili," Dakta akasema. "Kaa hapa, tuanze."

Msidhani kila kitu kilirudi. Katika aina sita za vijidudu vya chachu alivyokuwa navyo, walipata tena nne. Mbili zilipotea moja kwa moja, na sura nzima ya tasnifu yake ikafutwa. Lakini Dakta alisoma kila ukurasa uliobaki, tena akawasaka wanawake waliojibanza idara nyingine, mmoja fizikia, mmoja misitu, hadi wakatimia saba. Walikutana Alhamisi katika chumba changu cha kuoshea vyombo, wakisomeana kazi na kuambiana wazi kilichowashinda. Tunsume akapata shahada yake, akaajiriwa pale pale.

Mwaka wa pili baada ya hapo Dakta Zuwena akaugua saratani, akafa. Alhamisi baada ya maziko walikuja wote. Aliyekuwa mdogo kuliko wote, Leokadia, alikuwa na karatasi zake mkononi, zimesahihishwa kwa wino mwekundu wa marehemu hadi ukurasa wa kumi na nne tu. Akauliza, "Sasa mimi nitasomewa na nani?" Halafu akalia, na sisi tukalia.

Tunsume akajifuta macho. Akazichukua zile karatasi, akafunua ukurasa wa kumi na tano, akatoa kalamu.

"Chachu iliyogawiwa haifi," akasema, akaanza kusoma.