Pikapu ya Baba na Maji ya Chemchemi

Huko Upareni, juu kabisa kwenye mashamba ya tangawizi, aliishi kijana aliyeachiwa na marehemu baba yake pikapu ya dizeli. Watu waliona chuma kikuukuu. Yeye alijua amerithi utoto wake mzima.

Ndani ya pikapu ile ndimo alimokulia, amebanwa katikati ya baba na mama, magoti yakigusa gia. Kulikuwa na harufu ya magunia, ya dizeli, ya koti la baba lililonyeshewa. Baba akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nzito, injini ilimwitikia kama besi ya kwaya. Na katikati ya mlima, penye chemchemi, baba alisimama, akashuka na dumu, akachota maji, watoto wakashangilia. Nani kati yetu hana kumbukumbu ya namna hiyo? Nani hajawahi kutamani kurudi, japo kwa siku moja tu?

Basi kijana akaapa: nitaitunza kama baba. Akaiosha mpaka ikang'aa. Koti la baba akaliacha palepale kwenye kiti. Nyimbo zilezile aliziimba kwenye kona zilezile, na kila alipofika penye chemchemi alisimama, akachota maji kwa dumu, akafungua rejeta, akaijaza, huku machozi yakimlengalenga.

Baada ya muda pikapu ikaanza kutoa moshi mweusi. Moshi gani, lilikuwa wingu! Watoto wa shule wakiisikia tu inakuja, walivuta kola za mashati wakaziba pua. Siku moja mama muuza vitumbua pale stendi uvumilivu ukamwishia.

"We kaka! Umebeba tangawizi au umebeba tanuru la mkaa? Vitumbua vyangu vinaungua kabla sijavitia kwenye mafuta!"

Watu wakaangua kicheko. Kijana akanuna.

"Dada, kuwa na heshima. Hii ni gari ya marehemu."

"Marehemu namfahamu sana. Alikuwa anapita hapa hatuzibi pua."

Fundi naye akamshauri: eakilina, kile kichujio cha hewa, ifunguliwe, maana injini inakosa hewa safi, nozeli za kupulizia dizeli zikapimwe, rejeta izibuliwe, imejaa tope. Kijana akaona ametukaniwa mzazi. "Baba hakuwa na mambo mengi," akajibu. "Aliweka maji, akaimba, akaondoka." Akapanda gari lake, akatimka.

Ikafika siku ya harusi ya mdogo wake wa kike. Zamani ni baba aliyekuwa akiwapeleka maharusi wa kijiji kwenye kanisa la misheni, kule kileleni, na kijana alikuwa amemwahidi mdogo wake: utafika kwa gari ya baba, ikinguruma, kama wenzako wote. Bibi harusi akakaa mbele na mama. Shangazi wakajazana nyuma na vigelegele vyao.

Mlima ukawa mkali. Injini ikakosa nguvu. Mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, na kijana akaugonga kwa kidole.

"Geji hii imezeeka tu," akasema. "Tukifika penye chemchemi itapoa."

Wakafika, mvuke ukivuma kama birika lililosahauliwa jikoni. Akakimbia na dumu. Mkono umezungushiwa kitambaa, akafungua rejeta, na maji yale ya baridi, matamu, ya utotoni, akayamimina ndani ya injini inayotokota.

Ikalia *taa!* Kisha kimya. Alipochomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakuta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Injini ilikuwa imepasuka.

Bibi harusi akavua viatu, akakunja gauni, shangazi wakampokea, wakapanda kwa miguu wakiimba. Mama akabaki nyuma kidogo. Kijana alikuwa ameegemea boneti analia kama mtoto.

"Mama, nimekosea wapi? Nimefanya kila alichokuwa akifanya baba!"

"Baba," mama akamwita mwanawe kwa upole, "ulimwona akitia maji ya hapa kwenye rejeta?"

"Nilimwona akichota."

"Akampa nani?"

Kijana akatafuta kichwani. Alichokipata ni kikombe cha bati, na baridi kwenye meno.

"Maji haya yalikuwa yenu," mama akasema. "Mlikuwa mnatusumbua na kiu. Rejeta aliijaza nyumbani, alfajiri, injini ikiwa baridi, kwa ile dawa ya kijani ya kupozea injini. Eakilina aliikung'uta kwenye nguzo ya zizi mpaka ng'ombe wanashtuka. Mafuta alibadilisha mwenyewe, amelala chini kwenye umande. Na hapo haimbi mtu."

"Mbona mimi sikuwahi kumwona?"

"Ungemwonaje? Ulikuwa umelala."

Akafunga khanga vizuri, akamfuata binti yake.

Ndugu zangu wanachuo, mama yule anazungumza na sisi. Sisi wa "imani ya wazee wetu!" Sisi tunaosimulia jinsi kanisa lilivyofurika, jinsi bibi alivyoomba mgonjwa akainuka, na tunalia kabisa. Tulikula matunda tukadhani tumeona kilimo! Nani alimwona bibi akifunga? Nani alikuwepo alipomeza neno ambalo alikuwa na haki kabisa ya kulisema?

Na tukiambiwa maisha yetu yanawachafulia wengine hewa, tunajibu nini? "Kuwa na heshima, sisi ni watoto wa wachungaji!" Jamani! Majirani wanaziba pua, sisi tunawaonyesha picha ya wazee ukutani?

Kuwakumbuka wazee si dhambi. Mimi mwenyewe nawakumbuka mpaka kifua kinauma. Lakini tunakumbuka ile sehemu yao iliyotufurahisha, halafu tunaiita urithi.

Wewe uliyekaa hapo, yuko mtu humu humu ndani hujamsalimia tangu muhula uliopita. Bibi yako angekuwa ameshapiga hodi mlangoni kwake. Wewe bado unamsifu bibi.