Nani Akabidhiwe Meza ya Chipsi?

Sogeeni karibu, na mwenye kutafuna atafune polepole. Mwisho wa kisa hiki nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Katika nyumba moja ya Makorora, Tanga, walikaa watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Kidawa, mke wa mtoto wa nyumba, alikulia kwenye bekari ya babake; moto aliupima kwa kusogeza kiganja tu. Sefu, mpwa, alikuwa amefanya kazi kwenye chumba cha barafu cha wauza samaki, na baridi aliijua tabia zake. Mashavu, binti wa kuzaa, alikuwa msusi: vidole vyepesi, na subira ya kukaa na kichwa kimoja toka asubuhi hadi alasiri.

Mwenye nyumba, mama mkwe wa Kidawa, shangazi wa Sefu na mama wa Mashavu, alikuwa Bi Mwantumu. Alikaanga chipsi na samaki kwenye meza yake pale mbele ya nyumba hadi watoto wa wateja wake nao wakawa wateja. Halafu kifua kikamkatalia. Daktari akasema moshi wa mafuta basi, na vya kukaanga kula basi. Bi Mwantumu alirudi, akafunika karai, akapanda kitandani. Uji akiletewa, anaonja kijiko anasukuma bakuli.

"Mama, utatuangukia," Kidawa akamwambia.

"Niacheni. Kitu nimeishi nacho, leo hata kukionja nisikionje."

Jikoni palikuwa na oveni, chini ya jiko la gesi. Kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, kazi yake ilikuwa kutunza masufuria. Sefu akasema chipsi na samaki huiva humo bila kuogelea kwenye mafuta. Bi Mwantumu akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Viazi kabatini? Haya. Atakayenipa sahani nikaimaliza, meza ya mbele ni yake. Mmoja tu. Niligawana meza na dada yangu, na leo tukikutana njiani kila mtu anatazama upande wake."

Kila mmoja aliihitaji meza ile. Kidawa, mumewe alisafiri na hajaleta habari. Sefu alilala sebuleni kwa hisani ya shangazi yake. Mashavu, vidole vilianza kufa ganzi, na msusi bila vidole ni nini?

Oveni ilikuwa moja, wakapika pamoja siku ileile, kwa mazoea. Chipsi za pakiti, ngumu kama mawe, wakaziloweka zilainike, wakaziosha, maana nani anapika kitu bila kukiosha? Wakazirundika kwenye trei, na samaki wa friza juu yake, wakaingiza kwenye oveni ya baridi ndipo wakawasha. Kila mmoja aliona kosa moja, akanyamaza ili wenzake waharibu, yeye aje aonekane fundi. Msiwahukumu haraka. Mwenye shida hunyamaza hata pale ambapo angesema.

Bi Mwantumu akaitazama sahani ya kijivu. "Hiki kimepikwa au kimenyeshewa?" Akajifunika shuka. Kesho yake alisimama kwenda kutawadha, miguu ikamlegea, akakaa chini ukumbini. Hapo wote watatu wakaogopa, na midomo ikafunguka.

Sefu akasema, "Chipsi zisiyeyuke hata kidogo. Zitoke kwenye friza ziingie motoni. Samaki ndiye wa kuyeyuka, taratibu, ndani ya friji." Samaki alipolainika, akamfuta kwa kitambaa safi hadi ngozi ikakauka.

Kidawa akatoa masufuria yote. "Oveni kwanza iwake, na trei iwe ndani tupu ipate moto." Mashavu akauliza mbona wanachoma gesi bure. "Wifi, mkate hauingii kwenye tanuri baridi. Subiri." Akafungua mlango, akapeleka kiganja, akaufunga. Akarudia. Mwisho akasema, "Sasa."

Mashavu akanyunyiza mafuta kidogo, akapanga chipsi moja moja, zisigusane, kama anayegawa nywele njia. Zilipoanza kubadilika rangi akazigeuza zote, akamtafutia samaki nafasi yake pembeni. Majirani walikuja kuchungulia. "Fungeni mlango wa oveni, mnatoa joto," akawaambia, akakaa mbele ya oveni hadi mwisho. Chumvi na ndimu akaweka vikiwa vimeshatoka.

Bi Mwantumu akauma chipsi moja. Ikalia. Akauma nyingine. Akamgeuza samaki, akala, akanyonya mifupa ya kichwa, akaomba maji. Sahani ilibaki nyeupe.

"Haya, nani?" akauliza.

"Bila mimi ungekula maji," Sefu akasema.

"Bila moto wangu hayo maji yangekauka wapi?" Kidawa akajibu. "Barafu yako ingekaa humo ikilia."

"Na bila vidole vyangu," akasema Mashavu, "upande mmoja makaa, upande mmoja mbichi. Mnatambia moto na baridi, nani alikaa pale?"

Bi Mwantumu aliwatazama. Akimpa Mashavu, watasema damu imempendelea. Akimpa Kidawa, je, mumewe akirudi akamhamisha? Akimpa Sefu, aliyeleta wazo la oveni, mbona siku ya kwanza alijua kosa akanyamaza? Lakini walinyamaza wote. Na maisha yake yote alisema kweli mbele ya mtu, hata kama inauma. Leo kweli ina vichwa vitatu, na vyote anavipenda.

Wamekaa mkekani wanamsubiri. Na usiniambie wagawane. Amekwisha kataa, na sababu umeisikia. Je, wewe ungemkabidhi nani meza ile, na wale wawili ungewaambia nini usoni?